Boksi, kiroba, jaba au tranka: namna ya kuchagua cha kufungia vyombo unapohama nyumba

Watu wengi wanaohama hutumia muda mrefu kumtafuta mwenye gari na kupatana naye bei, kisha usiku wa kuamkia safari ndipo wanapolitazama kabati la vyombo na kujiuliza vitu vyote vile vitatiwa katika nini. Hapo kila jamaa hutoa ushauri wake. Mmoja husema maboksi ya dukani yanatosha, mwingine husema viroba ndivyo vinavyobebeka, wa tatu hukumbusha kwamba jaba la maji limekaa tupu uani, na mzee wa nyumba hutaka vya thamani vitiwe katika tranka na kufungwa kwa kufuli. Wote wanne wana hoja, na ndiyo maana uchaguzi huwa mgumu.

Makala haya yanavilinganisha vifungashio hivyo vinne kwa vigezo vilevile. Mfano uliochukuliwa ni safari za barabarani nchini Tanzania, nazo ni za aina mbili. Ya kwanza ni kuhama ndani ya mji mmoja, tuseme kutoka Mbagala kwenda Kimara, ambako mzigo hukaa garini saa chache na dereva wa kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, aweza kurudi kuchukua awamu ya pili. Ya pili ni kuhama mkoa, kama walivyofanya watumishi wengi wa umma tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, umbali wa kilomita zipatazo 450 kutoka Dar es Salaam, au kwenda mbali zaidi hadi Mwanza, safari inayozidi kilomita 1,000. Kifungashio kinachotosha kabisa kwa safari ya kwanza chaweza kukuangusha katika ya pili, kwa hiyo msomaji ajiulize mapema yumo katika kundi lipi.

Kwa boksi nakusudia boksi la karatasi ngumu, liwe jipya au lile linalochukuliwa dukani baada ya bidhaa kutolewa. Kwa kiroba nakusudia mifuko yote iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki: mfuko wa sandarusi uliokuwa na unga, mchele au sukari, pamoja na ule mfuko mkubwa wa mirabamiraba wenye zipu uitwao shangazi kaja. Jaba linasimama hapa kwa niaba ya vyombo vyote vigumu vya plastiki vyenye mfuniko, kuanzia ndoo ya lita 20 hadi pipa la lita 200. Tranka ni sanduku la bati kama lile ambalo wanafunzi wa bweni huenda nalo shuleni, na sanduku la mbao nalo linaingia humo humo.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni jinsi kifungashio kinavyohimili uzito unaowekwa juu yake na mtikisiko wa gari. Cha pili ni maji na vumbi. Cha tatu ni ubebaji, yaani jinsi mzigo unavyopita mikononi mwa watu kutoka chumbani hadi garini na kutoka garini hadi chumba kipya. Cha nne ni wizi na upotevu. Cha tano ni gharama, pamoja na swali ambalo wengi hawalifikirii mpaka wameshahamia: kifungashio hicho kitafanya kazi gani, na kitakaa wapi, baada ya vitu kutolewa?

Vigezo hivi havilingani kwa kila mtu. Anayehama mwezi Aprili ana sababu ya kuogopa maji kuliko anayehama Agosti, na mwenye sahani za udongo alizorithi kwa bibi yake ana sababu ya kuogopa mtikisiko kuliko mwenye sahani za melamini.

Uzito wa juu na mtikisiko

Hiki ndicho kigezo chenye mambo mengi, kwa sababu hapa ndipo vitu vinapovunjika. Gari linapokanyaga tuta, kila kitu chenye nafasi ya kusogea husogea, na kinapokoma hukomea kwenye kitu kingine. Sahani nyingi zinazofika zimepasuka zimepasuliwa na sahani nyingine iliyokuwa jirani yake. Kwa hiyo kila kifungashio kipimwe kwanza kwa swali moja: je, kinaruhusu vilivyomo vibanwe visicheze?

Boksi hufanya vizuri hapa kwa sharti kwamba limejaa. Nguvu zake ziko katika pembe na kuta zilizosimama. Likijazwa hadi juu na kufungwa, uzito wa boksi lililo juu yake hushuka kupitia pembe hadi kwenye sakafu ya gari, na vilivyomo ndani havibebeshwi kitu. Likiachwa nusu, mfuniko hubonyea, kuta hupinda, na boksi la juu hukalia bilauri. Ndiyo maana maboksi hupangwa pembe juu ya pembe, na ndiyo maana boksi dogo lililoshiba ni salama kuliko kubwa lenye nafasi. Maboksi hayalingani pia. Yale ya tufaha, ambayo mfuniko wake hushuka na kufunika kuta zote hivi kwamba kila ukuta unakuwa wa tabaka mbili, yanahimili uzito kuliko boksi jembamba la biskuti, ingawa matundu yake ya hewa hupitisha vumbi.

Litazame boksi moja la sahani lililofungwa na mtu anayeijua kazi. Kitako chake kimepigwa selotepu kwa urefu na kwa upana, maana kitako ndicho kinachofunguka watu wakiwa ngazini. Juu ya kitako kuna tabaka la magazeti yaliyofinyangwa, nene kama kiganja. Kila sahani imekunjwa peke yake na kusimamishwa kwa ukingo, kwa sababu sahani iliyosimama hupokea pigo penye ukingo ambako ni imara, ilhali iliyolazwa hubeba katikati yake uzito wa zote zilizo juu. Mabakuli na vikombe vimefuata juu ya sahani, na bilauri zimekaa juu kabisa, mdomo ukiwa chini, kila moja ikiwa na kitambaa ndani na nje. Nafasi zote zilizosalia zimesokotewa taulo za jikoni na soksi. Mfungaji hulitikisa kidogo kabla ya kulifunga. Akisikia mlio, hulifungua tena na kuongeza nguo.

Kuhusu cha kukunjia, khanga na vitenge vilivyochakaa vinashinda magazeti kwa vyombo vyeupe, kwa kuwa wino wa gazeti hushika kwenye udongo mweupe na huwa kazi kuutoa, na isitoshe khanga zingehama hata hivyo. Upande mmoja wa khanga, ukipitishwa baina ya sahani na sahani kama unavyosuka, huzikinga kadhaa kwa mara moja. Trei za mayai nazo zina kazi: chupa ndogo za viungo na vikombe vidogo vya kahawa hukaa vizuri kati ya trei mbili zinazotazamana.

Kiroba hakina kuta, na kwa hiyo hakihimili kitu. Uzito wa juu hubebwa na vilivyomo ndani yake. Kwa nguo, mashuka, mapazia, mito na blanketi hilo halina madhara yoyote, na hapo kiroba kinavishinda vifungashio vyote vitatu vilivyobaki, kwa sababu kikishajaa nguo huwa mto wa kukingia vitu vingine. Mpakiaji mzoefu hukisokomeza kati ya kabati na friji, au kati ya tranka na boksi la vyombo. Sufuria za alumini zaweza kutiwa humo, mradi mwenyewe akubali kwamba zitabonyea hapa na pale. Vya kioo na vya udongo visitiwe kirobani hata vikikunjwa vipi, kwa sababu mwenye kubeba hawezi kujua kilichomo na hatakuwa na sababu ya kukionea huruma.

Jaba na ndoo vina kuta ngumu, na mfuniko unaobana vizuri huruhusu ndoo moja ikae juu ya nyingine. Udhaifu wake ni umbo. Ukuta wa mviringo huacha pembe tupu kati ya jaba na jaba, na sahani kubwa hazikai vizuri ndani yake, ingawa vikombe na glasi vilivyokunjwa hukaa vizuri katika ndoo, hasa ikitandikwa taulo chini na kuzungushiwa nguo pembeni. Jambo la kuchunguza ni umri: plastiki iliyokaa juani miaka mingi hukauka na kupasuka ghafla ikibanwa, na jaba lililoanza kuwa na michirizi myeupe ukingoni halifai kubebeshwa kitu kizito.

Tranka huhimili uzito wa juu kuliko vyote, na huwekwa chini kabisa ya mzigo kwa sababu hiyo. Lakini bati halinepi. Mtikisiko wa barabara huingia ndani vilevile ulivyo, na vitu vigumu vilivyotupwa ndani ya tranka bila nguo hugongana na kukwaruzana safari nzima. Pembe zake pia hutoboa: tranka lililopakiwa kando ya godoro au kochi bila kukingwa huacha alama yake humo. Linafaa vitabu, vyombo vya chuma, zana za fundi, na vyombo vya udongo iwapo tu mwenyewe yuko tayari kulitandika blanketi pande zote sita.

Maji na vumbi

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hukuta watu wengi barabarani, na turubai la dereva halifuniki pembe zote. Boksi ndilo dhaifu kuliko vyote hapa. Karatasi ikinyonya maji hupoteza nguvu upesi sana, na boksi lililoloa kitako hufunguka mara tu linapoinuliwa, hata kama lilikuwa imara asubuhi. Hata unyevunyevu wa sakafu mbichi unatosha. Mzigo wa maboksi ukisubiri barazani usiku mmoja, utandikiwe mbao au mkeka mzito chini. Zamani watu walitanda mifuko ya rambo ndani ya boksi, ila mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilikuwa imeipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo kinga ya maana iliyobaki ni kuwa na turubai lako mwenyewe na kuyaweka maboksi katikati ya mzigo, mbali na kingo za bodi ya gari.

Kiroba hakilainiki kwa maji, lakini nyuzi zake zimefumwa, na kwenye mfumo huo maji na vumbi hupenya. Nguo zikiloa huanikwa na mambo yakaisha, ila vumbi jekundu likiingia kwenye mashuka meupe huwa kazi ya siku nzima. Mifuko ya sukari yenye nailoni ndani ni bora zaidi, na shangazi kaja hupenyeza maji kwenye zipu kuliko mahali pengine popote. Nguo nyeupe hukunjwa ndani ya shuka la rangi kwanza, kisha hutiwa mfukoni.

Jaba lenye mfuniko unaobana linashinda hapa bila ubishi, na ndilo mahali pa unga, mchele, maharage, viungo, vyeti visivyoweza kubebwa mkononi na nyaya za vifaa vya umeme. Tahadhari yake ni moja: jaba lililofungwa likiwa na unyevu huutunza unyevu huo, na nguo zilizotiwa humo hutoka na harufu ya uvundo. Lianikwe juani wazi mpaka likauke kabisa. Tranka hukinga manyunyu, lakini maungio ya mfuniko wake hupitisha mvua nzito na vumbi laini. Kitambaa kilichotandikwa ukingoni kabla ya kufunga hupunguza tatizo hilo. Kwa wakazi wa pwani kuna kutu pia, na tranka lenye kutu huacha madoa ya kahawia kwenye nguo ambayo hayatoki kwa sabuni.

Ubebaji

Kipimo cha uzito unaofaa kipo katika boksi ambalo karibu kila ofisi hulitupa. Boksi la karatasi za A4 huwa na bunda tano za karatasi 500 kila moja, na kwa karatasi ya gramu 80 bunda moja lina kilo 2.5, kwa hiyo boksi zima ni kilo 12.5. Likijazwa vitabu huwa na uzito wa karibu na huo, mtu mzima yeyote hulibeba bila kuumia, na kitako chake kimetengenezwa kuhimili mzigo wa namna hiyo. Vitabu hivyo hivyo vikitiwa katika boksi kubwa la friji au la runinga, mzigo hauinuki, nao ukiinuka kitako hubaki sakafuni.

Boksi lina sifa nyingine ambayo haionekani mpaka siku ya kupakia: linawalazimisha watu waliweke. Kiroba, kinyume chake, hubebwa begani na kurushwa, na makuli anayerusha hafanyi ubaya wowote, kwa kuwa ndivyo viroba vinavyopakiwa kila siku sokoni na stendi. Hii ni hasara kwa kitu chochote kinachovunjika, na ni faida kubwa kwa kila kitu kingine, kwa sababu viroba kumi vya nguo hupanda garini kabla maboksi manne hayajateremka ngazi. Shangazi kaja ina mikono, lakini mikono hiyo huchanika ikibebeshwa vitabu au vyombo vya chuma. Ibebwe kwa chini.

Ndoo ya lita 20 yenye mpini ndiyo rahisi kuliko vyote kwa mtu mmoja. Jaba la lita 200 ni jambo jingine kabisa. Ni vigumu kulipitisha katika milango ya vyumba vya kupanga na kwenye kona za ngazi za ghorofa likiwa limejaa, na njia ya busara ni kulipandisha garini tupu kwanza, kisha kulijaza vitu vyepesi likiwa limeshasimama mahali pake. Tranka linahitaji watu wawili, mmoja kila upande, na mikono yake ya waya hukata vidole. Mtu mmoja akilibeba kichwani aliwekee kata.

Kwa vyote vinne, jina la chumba na namba viandikwe ubavuni, kwa sababu vifungashio vikishapangwa juu kwa juu mifuniko haionekani tena. Kirobani huandikwa kwa kalamu nene ya wino, au hufungwa kitambaa cha rangi: chekundu jikoni, kijani chumbani.

Wizi na upotevu

Tranka lenye kufuli linazuia mkono mwepesi, ingawa pia linatangaza kwamba ndani mna kitu cha kulindwa. Kiroba kikishonwa mdomo kwa sindano ya magunia kwa mishono midogo, hakuna atakayekifungua bila alama kubaki, na kwa mzigo unaotumwa kwa basi au lori bila mwenyewe kuwepo, mishono hiyo ina thamani kuliko fundo la kamba. Boksi hulindwa kwa selotepu iliyoandikwa jina juu ya maungio yake. Jaba hufungwa kwa waya au kamba ya manila inayopita juu ya mfuniko na kuzunguka chini. Hakuna kati ya hivi kinachochukua nafasi ya orodha yenye namba za mizigo yote, nakala moja kwa dereva na moja kwa mwenye mali, inayohakikiwa wakati wa kupakia na wakati wa kushusha.

Gharama na maisha ya baadaye

Bei hubadilika kwa mji na kwa msimu, lakini mpangilio wake haubadiliki sana. Boksi la dukani ndilo rahisi, mara nyingi ni la bure kwa mwenye duka anayekufahamu; kiroba hufuata; ndoo na jaba ni ghali zaidi; tranka liko juu ya vyote. Boksi likishamaliza kazi huwashiwa jiko au hupewa anayehama baadaye. Kasoro yake ni mende, ambao hupenda kutagia katika mikunjo ya karatasi, na boksi lililokaa stoo ya duka la vyakula laweza kuwahamishia nyumba mpya pamoja na sahani zako. Lichunguzwe mikunjo yake, liwekwe juani, na lisilale ndani baada ya kuhamia. Viroba vilivyotumika navyo vikung'utwe nje na kufuliwa kabla ya kutiwa nguo.

Jaba na ndoo havipaswi kuhesabiwa kama gharama ya kuhama hata kidogo, maana nyumba yoyote ya miji yetu inayopata maji kwa mgawo inavihitaji hata hivyo. Angalizo ni kwa jaba lililonunuliwa likiwa limeshatumika, lililowahi kuwa na kemikali ya kiwandani: lisitiwe chakula, na lisiwe la maji ya kunywa, hata likisuguliwa namna gani. Tranka hulipa gharama yake polepole. Kwa anayehama mara moja kwa miaka kumi ni fedha iliyokaa bure chini ya kitanda. Kwa mwalimu, askari au mtumishi wa afya anayehamishwa vituo, ni kifungashio kinachonunuliwa mara moja na kutumika kwa kila uhamisho, na katikati yake hutunza nguo za baridi na nyaraka. Wanaotaka la vipimo vyao wenyewe hulichongesha kwa mafundi wa bati, kama wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi.

Vitu visivyoingia katika kifungashio chochote kati ya hivi

Mtungi wa gesi, uwe wa kilo 6 au wa kilo 15, usafiri umesimama, koki imefungwa, regulata imeondolewa, mahali penye hewa. Kuutia ndani ya jaba au tranka ni hatari. Friji isafirishwe imesimama, na ikilazimika kulazwa iachwe imesimama kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Runinga bapa isilazwe kifudifudi wala chali. Ikiwa boksi lake halipo, hukunjwa blanketi na kusimamishwa kati ya godoro na ubavu wa gari. Vyeti, hati ya nyumba, dawa za kila siku na vito husafiri na mwenyewe, mkononi.

Nani anafaidika na kipi

Boksi linamfaa mwenye vyombo vingi vya kuvunjika na muda wa kuvifunga, maana ubora wake wote unategemea subira ya mfungaji. Kiroba kinamfaa mwenye familia kubwa na nguo nyingi, mwenye haraka, na anayehama kwa gari dogo ambalo kila pembe inahesabiwa, kwa sababu kiroba hujikunja kikafuata umbo la nafasi. Jaba na ndoo vinamfaa anayehama wakati wa mvua, anayehamia mahali pa shida ya maji, na mwenye akiba ya nafaka. Tranka linamfaa anayehamishwa mara kwa mara, anayetuma mzigo bila kusafiri nao, na mwanafunzi anayehama bweni.

Ni nadra nyumba nzima kuingia katika aina moja ya kifungashio. Tofauti baina ya kaya na kaya iko zaidi katika kiasi cha kila kimoja, na hapo ndipo hali ya mhamaji inapoamua.

Kwa hali yako

Ukihama mtaa hadi mtaa ndani ya mji, wakati wa kiangazi, viroba vingi na maboksi machache vinatosha. Vyombo vya kioo vitangulie katika ndoo na visafiri miguuni pa abiria wa mbele. Usinunue kitu ambacho hutakitumia baadaye.

Ukihama kwa masika, punguza maboksi hadi yale ya vyombo tu, hamishia vitabu na nafaka katika ndoo na majaba, na mpatane na dereva siku moja kabla kuhusu turubai, kwa kulitazama kwa macho. Turubai lenye matundu halitajiziba njiani.

Ukienda mbali, kama Dodoma au Mwanza, kwa lori la Fuso, panga kwa tabaka: matranka na majaba yaliyojaa chini, maboksi ya vyombo katikati yakiwa yamezungukwa na viroba vya nguo, magodoro ubavuni, na hakuna kitu juu ya maboksi isipokuwa mito. Kwa safari za Iringa na Mbeya, zinazopita mlima Kitonga, kamba ikazwe upya kabla ya mlima, kwa kuwa mzigo uliolegea hurudi nyuma gari linapopanda, na katika safari ya kushuka husukumwa mbele.

Ukivuka kwenda Unguja kwa boti au jahazi, mzigo utainuliwa na kushushwa mara nyingi zaidi kuliko wa lori, na upepo wa bahari una chumvi. Ndoo zenye mifuniko na viroba vilivyoshonwa vinafaa kuliko boksi, na tranka lipakwe rangi au likunjwe turubai.

Ukituma mzigo kwa basi bila kuusindikiza, tumia tranka lenye kufuli au kiroba kilichoshonwa, usitume kitu chochote cha udongo, na andika jina na namba ya simu ya mpokeaji nje na pia ndani, kwenye karatasi iliyo juu ya vitu vyote, ili mzigo ukichanika au karatasi ya nje ikibanduka mwenye kuuokota ajue wa nani.

Ukiwa umebakiwa na usiku mmoja tu, anza na vyombo vya kuvunjika huku macho bado hayajachoka, uvitie katika ndoo na sufuria kubwa ulizonazo, ukivikunja kwa nguo ulizokuwa uzitie kirobani. Nguo zilizosalia zaweza kusokomezwa mifukoni hata dereva akiwa ameshafika mlangoni.